"Mume wangu anasema nanunua giza la dakika sita kwa milioni sita"

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja mkoani Mbeya. Nina miaka thelathini na tisa, mume, na watoto wawili. Mume wangu anauza mchele wa jumla. Hanipigi, halewi, ada za watoto analipa kabla shule haijafunguliwa. Nayasema haya mapema usije ukanijibu habari za ndoa mbaya, kwa sababu ndoa yangu si mbaya. Tatizo langu ni jua.

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa kipete, likabaki pete ya mwanga, pale Rujewa, wilayani Mbarali, nilikodi basi dogo nikapeleka wanafunzi arobaini na wawili. Watu walifurika, wageni kutoka nje wakiwa na darubini ndefu kama mabomba ya maji. Miwani nilikuwa nayo kumi na tano tu. Kwa hiyo muda wote nilikuwa nagawa miwani, nanyang'anya miwani, namkemea huyu, namvuta yule anayetaka kutazama kwa macho matupu. Ile pete yenyewe sidhani kama niliitazama hata nusu dakika. Njiani tukirudi, binti mmoja wa kidato cha pili akaniuliza, "Mwalimu, na kupatwa kamili kukoje?" Nikamweleza umbali wa mwezi, upana wa kivuli, mambo ya kwenye kitabu. Akasema, "Hapana Mwalimu, nauliza kukoje." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Sasa Jumatatu ya tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kikamilifu, na kivuli kitapita Misri. Pale Luxor giza litadumu dakika sita na sekunde kama ishirini. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiweka fedha za kikoba na za masomo ya ziada, zimefika milioni sita na laki mbili. Ni zangu, hazikutoka kwenye meza ya nyumbani.

Nilipomweleza mume wangu alicheka, akachukua simu akapiga hesabu. "Milioni moja kwa dakika," akasema, "na unachonunua ni giza. Giza la bure tunalo hapa kila umeme ukikatika." Watoto walicheka, na mimi nilicheka, lakini usiku sikupata usingizi.

Wiki iliyofuata akaja na hoja nyingine. Mama yake ana miaka sabini na moja na hajawahi kwenda Umra. Kivuli hichohicho kitapita Makka. "Kama lazima fedha itoke, mpeleke mama, na hilo jua lako utaliona hukohuko. Thawabu na fizikia kwa nauli moja." Wifi zangu wamelishangilia wazo hilo kama goli. Sasa nikilikataa nitaonekana nimemnyima mama mzee Umra ili nikashangae mbingu na watalii.

Kuna jambo lingine, Shangazi, na hili sijamwambia mtu. Mwezi uliopita mwalimu mwenzangu alinipa namba ya wakala wa safari anayekusanya kundi la kwenda Luxor. Wakala akasema zimebaki nafasi tatu. Nikamtumia kianzio cha milioni moja na laki mbili kwa simu. Risiti aliyoniletea ni picha ya karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Tangu siku hiyo nikimuuliza hoteli gani, ananijibu, "Mtapangiwa."

Je, niende Luxor au Makka? Na hicho kianzio, nimwambie mume wangu sasa au nisubiri nione mwisho wake? Halafu binti yangu wa miaka kumi na minne ameshaanza kuwaambia wenzake kwamba tunakwenda wote.

Mwalimu, Mbeya

*

Marahaba, Mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu, maana umefunga mambo manne kwenye pindo moja la kanga.

Nianze na mumeo na hesabu yake. Utani wa umeme umenichekesha peke yangu jikoni. Lakini hesabu ina kasoro, na mfanyabiashara angeiona upesi kama ingemhusu yeye. Kwa hesabu hiyohiyo, muulize harusi yenu iligharimu shilingi ngapi kwa kila sekunde aliyotumia kutamka "nimekubali kumuoa".

Hata hivyo swali lake si la kijinga. Mimi mwenyewe niliwahi kulipa fedha nyingi kwa giza, na nikatapeliwa na mawingu. Tarehe 3 Novemba 2013 nilikuwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, upande wa mashariki wa ziwa, karibu na hifadhi ya Sibiloi. Tulikuwa tumesafiri siku mbili kwa gari, migongo imekwisha, kufuata giza la sekunde kumi na kadhaa tu. Mchana ulikuwa mzuri. Jua likaanza kuumwa pembeni, tukashangilia, mtu akatoa mpaka korosho. Halafu dakika chache kabla ya wakati wenyewe upepo ukavuma, mchanga ukainuka, wingu likatanda. Giza liliingia, hilo siwezi kukataa, lakini lilikuwa giza la kufunikwa chungu. Hatukuona kitu. Siku hiyohiyo shemeji yangu alikuwa Pakwach, upande wa Uganda, na mbingu ya kule ilifunguka. Ni mtu wa maneno mengi huyo shemeji, anaweza kukusimulia mechi ya mwaka 1987 dakika kwa dakika. Lakini nikimuuliza aliona nini Pakwach, huinua mikono juu ya kichwa chake, akaishia hapo. Kwa hiyo lile swali la mwanafunzi wako hata mimi siwezi kulijibu.

Ninachoweza kukuambia ni kwamba anayefuata kupatwa kwa jua anachagua mbingu kwanza, mji baadaye. Na kwa mbingu, Luxor ya Agosti haina mpinzani. Ni jangwa. Mwezi huo wingu la kule ni habari. Kivuli kitagusa pia kusini mwa Hispania, Morocco, Algeria, Tunisia, Libya, Saudi Arabia, Yemen, na mwisho ncha ya Somalia kabla ya kuishia baharini. Ukitazama ramani utaona Somalia ndiyo jirani yetu kuliko zote, na ukitazama taarifa ya habari utafunga ramani.

Urefu wa giza nao hauna utani. Mumeo anaweza kukuambia usubiri nyingine, kwa hiyo ujue haya. Kupatwa kamili kwenye giza refu kuliko hili hakutakuja mpaka mwaka 2114, na wewe na mimi tutakuwa tumeshasahauliwa na wajukuu. Wewe sababu unazijua, lakini kuna wasomaji wengine hapa. Agosti dunia bado iko mbali na jua kuliko kawaida, hivyo jua linaonekana dogo kidogo. Mwezi siku hiyo utakuwa karibu nasi, hivyo unaonekana mkubwa. Na kivuli kinapopita maeneo ya joto kama yale, ardhi nayo inazunguka kwenda upande uleule, kwa hiyo kivuli kinachelewa kukuacha. Rujewa mambo yalikuwa kinyume. Mwezi ulikuwa mbali, ukashindwa kulifunika jua lote, ikabaki ile pete uliyoitazama kwa wizi.

Na kuna jambo ambalo pengine hukulijua, litakufurahisha. Kupatwa kwa 2027 ni kwa ukoo mmoja na kule kwa tarehe 30 Juni 1973, ambako giza lake lilizidi dakika saba Sahara, kisha kivuli kikashuka mpaka kaskazini mwa Kenya na kulifunika ziwa la Turkana, wakati huo likiitwa Rudolf. Kila baada ya miaka kumi na minane, siku kumi na moja na saa nane hivi, ukoo ule unazaa tena, lakini zile saa nane zinaupeleka theluthi moja ya dunia kwenda magharibi. Ukizaa mara tatu, miaka hamsini na minne na mwezi mmoja, unarudi upande uleule wa dunia. Hesabu kutoka Juni 1973, utaangukia Agosti 2027. Safari hii umesogea kaskazini, ndiyo maana ni Misri na si Turkana. Wazee waliosimama Loiyangalani mwaka ule wakiona ghafla ng'ombe wanageuka kurudi bomani wangekuelewa bila maelezo.

Sasa Makka.

Mumeo hakukosea kwenye ramani. Kivuli kitapita Makka kweli, na giza la pale litazidi dakika tano, baada ya sala ya Adhuhuri. Jeddah litakuwa refu zaidi kidogo. Lakini fikiri utakuwa unafanya nini dakika zile. Jua likipatwa, Waislamu wana sala yake, rakaa mbili zenye rukuu mbili kila moja, na kisimamo chake ni kirefu. Mtume alipofiwa na mwanawe Ibrahim jua lilipatwa siku ile, watu wakasema limemlilia mtoto. Akawaambia jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake, mkiziona salini. Kwa hiyo ndani ya Msikiti Mtukufu maelfu ya watu watakuwa wameinama. Na wewe utakuwa umeshika miwani, umeinua kichwa, jicho moja juani na jingine kwa mama mkwe asije akapotea kwenye umati. Itakuwa Rujewa nyingine. Umra utaifanya nusu, na jua utaliona nusu. Mshika mbili moja humponyoka, na hapa naogopa zitakuponyoka zote.

Sisemi hapana mtu atakayefaidi kuwa Makka siku hiyo. Kwa mtu ambaye anakwenda kwa ajili ya ibada, kisha giza lile likamkuta kwenye kisimamo, nadhani ni jambo la kusimulia mpaka kaburini. Lakini huyo alikwenda kwa nia moja. Wewe nia yako umeiandika kwenye aya ya kwanza ya barua.

Halafu kuna jambo limenishangaza. Katika barua yako nzima, mume amesema, wifi wamesema, watoto wamecheka, wakala ametia neno lake. Mama mkwe hajasema hata herufi. Kuna mtu aliyemuuliza? Bibi wa miaka sabini na moja, Makka, mwezi wa Agosti, joto la kupita nyuzi arobaini, kwenye msongamano wa siku ambayo kila mwenye uwezo atataka kuwa pale? Nenda kakae naye, bila mwanawe. Muulize angependa Umra lini. Sitashangaa akikuambia Desemba au Januari, kukiwa na ubaridi, na akataka kwenda na mwanawe aliyemzaa, si na wewe unayetazama saa. Akisema hivyo, basi Umra ya mama ni safari ya mumeo na dada zake waliolishangilia wazo. Washangilie na kwa mifuko. Na wewe changia laki mbili tatu, uzitoe mbele yao.

Nilikuwa nimeandika mengi kuhusu haki ya mwanamke na fedha yake, nimeyafuta. Umeshasema ni zako, na mumeo hakubishi. Kinachokukosesha usingizi ni ile milioni moja na laki mbili.

Mwambie leo. Usisubiri kuona mwisho wake, maana mwisho wa namna hii huwa mmoja kati ya miwili. Ama wakala ni mkweli na umemficha mumeo bure, ama si mkweli na utakuwa na machozi mawili, ya fedha na ya siri. Mtu uliyemsifu mstari wa tatu wa barua kwamba halewi na analipa ada mapema, huyo ndiye unayemficha? Mwekee simu mezani na ile picha ya karatasi. Mwambie, "Nilitaka nafasi isinipite, nikatuma bila kukuuliza." Atanuna, labda siku tatu. Mpishie.

Akishanunua... samahani, akishanuna vya kutosha, mpe kazi. Huyu ni mfanyabiashara wa mchele. Amelipa na kulipwa vianzio maisha yake yote, na anajua sauti ya mtu mwenye mzigo na ya mtu asiye na mzigo. Yeye ndiye ampigie wakala. Amuulize jina la kampuni na leseni yake, kwa nini fedha iliingia kwenye namba ya mtu binafsi, jina la hoteli, na usiku ngapi. Akipewa jina la hoteli, wewe mwandikie mwenye hoteli moja kwa moja kwa barua pepe umuulize kama ana kundi la jina hilo tarehe hizo. "Mtapangiwa" si jina la hoteli. Kwa kawaida Agosti hoteli za Luxor hulala usingizi kwa sababu ya joto, lakini kwa wiki hii moja makampuni ya nje yalianza kushika vyumba miaka kadhaa kabla. Mtu ambaye hajui mtalala wapi, hana mahali mtalala. Mkimwona anababaika, dai fedha kwa maandishi, mpe tarehe, na ikipita mpeleke polisi na ile picha yake. Sikuahidi kwamba itarudi. Lakini usimwongezee hata mia kwa kuogopa ile ya kwanza isipotee. Wengi ninaowasoma hapa hawakuliwa kwenye kianzio, waliliwa kwenye "malizia kidogo tu".

Safari yenyewe unaweza kuipanga bila yeye. Kati ya Dar na Cairo kuna ndege, EgyptAir, na Ethiopian kwa kupitia Addis Ababa. Ulizia viza ubalozi wa Misri pale Dar mapema, pasipoti iwe na uhai wa zaidi ya miezi sita, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkobani. Kutoka Cairo mpaka Luxor ni kilometa zaidi ya mia sita; kuna ndege ya saa moja, na kuna treni ya usiku ya saa kama kumi ambayo ndiyo saizi ya mwalimu. Ila usipange kufika alfajiri ya Jumatatu. Ikichelewa, utapatwa wewe. Fika Jumamosi.

Luxor ikikushinda bei, tazama ng'ambo ya magharibi ya mto Nile, ambako wenyeji wana nyumba ndogo za wageni mbali na mahoteli ya mtoni. Au rudi nyuma kidogo kwenye reli, Qena au Sohag, ambako giza nako litakuwa la karibu dakika sita na mahekalu ya kupandisha bei ni machache kuliko Luxor. Lakini, Mwalimu, usikubali mtu akuambie ulale Cairo utazame hukohuko, wala Aswan. Yote mawili yako nje ya njia ya kivuli. Watakuambia "asilimia tisini na kitu, si karibu sawa?" Wewe ulikuwa Rujewa. Mwezi ulifunika asilimia 97 ya upana wa jua, na bado mlikuwa mchana, mnaonana sura. Ule mwanga mweupe unaozunguka jua wakati wa giza ni dhaifu mara kama milioni moja kuliko jua lenyewe, kiasi cha mbalamwezi. Ukibaki uzi mmoja wa jua hauuoni. (Jina lake la kitaalamu ni korona. Masikini, ugonjwa umemharibia jina kitu kizuri vile. Mimi naliita taji.) Anayekaa kwenye asilimia tisini na tisa amesimama nje ya ukumbi wa harusi anasikia ngoma.

Weka kikomo cha fedha sasa hivi ukiwa na akili timamu. Ukiniuliza mimi, milioni tano kila kitu, na laki zinazobaki zisiguswe hata wakikuuzia safari ya puto. Ukiona haiwezekani kwa kiasi hicho, usikope. Kikoba hakikopeshi kwa ajili ya kivuli.

Kuhusu binti yako nitasema neno ambalo akina mama wengi hawapendi kulisikia: mwache nyumbani. Fedha yako inamtosha mtu mmoja vizuri au wawili kwa shida. Na wewe mwaka 2016 ulikwenda kulea, hukwenda kutazama. Ukienda naye, saa saba na dakika zake utakuwa unamuuliza kama amekunywa maji. Mtafute yule mwalimu mwenzako aliyekupa namba ya wakala, ana deni kwako, aende nawe. Mwanamke kusafiri mwenyewe Misri inawezekana, lakini wawili ni afadhali.

Binti mpe ahadi yenye tarehe, isiwe ya "siku moja inshallah". Tarehe 25 Novemba 2030 jua litapatwa kikamilifu kuanzia Namibia, Botswana, mpaka Afrika Kusini na Lesotho. Hiyo kutoka kwenu Mbeya inafikika kwa basi, Tunduma, Zambia, mkateremka. Atakuwa binti mkubwa, atabeba begi lake. Najua utaniuliza kwa nini basi wewe usisubiri hiyo. Kwa sababu giza lake ni fupi, kiasi cha theluthi moja ya hili, linakuja asubuhi jua halijapanda sana, na Novemba ni mwezi wa mvua kule. Mimi niliyekula mchanga Turkana sikushauri uweke miaka kumi na zaidi ya kungoja juu ya wingu la Novemba. Na mtu akikutajia ile ya Mei 2031 itakayopita Tanzania yenyewe, mwambie ni kipete. Hiyo ndiyo mwende na wanafunzi, na safari hii miwani iwe mingi.

Miwani ya safari nunua mapema, yenye alama ya ISO 12312-2, isiyo na mkwaruzo wala tundu. Kioo cha kuchomelea kinafaa kikiwa namba 14 tu. Filamu za eksirei, sidii, kioo kilichopakwa masizi, hivyo viache kwa wanaotaka upofu. Utakuwa na kama saa moja na nusu ya kutazama jua linaliwa kidogokidogo, na muda wote huo miwani haitoki jichoni. Likizimika lote, ivue. Wapo watu husafiri nusu ya dunia halafu hubaki na miwani usoni kwa woga, wakaona weusi mtupu. Ule ndio wakati pekee ambao jicho tupu halidhuriki. Uzi wa kwanza wa mwanga ukirudi, ivae tena papo hapo.

Simu izime. Picha za taji la jua zitakuwepo nyingi kuliko nyanya sokoni, zimepigwa na watu wenye darubini. Dakika sita zinaonekana nyingi zikiwa kwenye karatasi.

Na beba mkeka. Luxor siku hiyo, saa saba mchana na dakika chache (saa zao za kiangazi ni sawa na zetu), jua litakuwa karibu utosini kabisa. Ukisimama shingo itakuuma kabla giza halijafika. Tandika mkeka penye kivuli cha ukuta, mwavuli pembeni, maji lita tatu kwa kichwa maana joto linaweza kupita nyuzi arobaini, na ukisikia ubaridi wa ghafla na ndege wananyamaza, toka nje ya ukuta ulale chali.

Yule binti wa kidato cha pili sasa ni mtu mzima, pengine naye ana mtoto. Uliza wenzake wa darasa lile, utaipata namba yake. Uwe nayo kwenye simu kabla hujapanda treni.

Shangazi